Iceland, taifa linalohesabu watu wake kwa majina

Machi 2024 ofisi ya takwimu ya Iceland ilitoa hesabu iliyowaacha wengi midomo wazi. Kwa takwimu za zamani, nchi ilikuwa ikikaribia watu 400,000. Hesabu mpya ikasema kwamba tarehe 1 Januari mwaka huo walikuwapo 383,726 tu. Watu wapatao 15,000 walikuwa wakiishi kwenye daftari peke yake. Sababu kubwa ni wafanyakazi wa kigeni walioondoka bila kufuta majina yao.

Kwingineko kosa hilo lingepita kimyakimya. Iceland ina kilomita za mraba 103,000 na wastani wake haufiki watu wanne kwa kilomita moja ya mraba, kwa hiyo watu 15,000 ni mji mzima. Tena ni nchi inayojivunia kuhesabu kuliko nyingi duniani.

Mwaka 1702 Mfalme Frederick wa Nne wa Denmark, aliyekuwa akiitawala Iceland, aliwatuma Árni Magnússon, msomi wa miswada ya kale, na mwanasheria Páll Vídalín wakachunguze kwa nini kisiwa kimedidimia katika ufukara. Mwaka uliofuata ikafanyika sensa ya nchi nzima, kila mtu akaandikwa jina, umri na nafasi yake nyumbani. Hata ombaomba waliandikwa, pale walipolala usiku wa kuamkia Pasaka. Jumla ilikuwa watu 50,358: wanawake 27,491 na wanaume 22,867. Mwaka 2013 UNESCO iliziingiza karatasi hizo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Wino ulikuwa haujakauka vizuri ndui ilipoingia kwa meli mwaka 1707 na kuua zaidi ya robo ya watu. Ilichukua miongo kadhaa idadi kukaribia ilipokuwa, na hapo ndipo ardhi ilipopasuka.

Mengi tunayoyajua juu ya balaa hilo yametoka kwenye kalamu ya mtu mmoja, Jón Steingrímsson, mchungaji wa Kirkjubæjarklaustur kusini mwa nchi. Anaeleza kwamba asubuhi ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 1783, wingu jeusi lilitanda kutoka upande wa milima. Ulikuwa mlipuko wa Laki, ufa mrefu uliotapika moto kwa miezi minane. Lava ilimeza mashamba, lakini kilichoua zaidi ni hewa na majani. Floridi iliyodondoka juu ya malisho iliwaharibu wanyama meno na mifupa, na karibu asilimia 80 ya kondoo na nusu ya ng'ombe wakafa. Baada ya mifugo ikaja zamu ya wenyewe. Takriban mtu mmoja kati ya watano alikufa, na nchi ikabaki na watu wasiofika 40,000.

Mchungaji huyo anakumbukwa zaidi kwa ibada ya tarehe 20 Julai. Lava ilikuwa ikielekea kanisani, naye akawakusanya waumini kwa sala ambayo wengi waliamini ni ya mwisho. Walipotoka wakakuta moto umesimama. Tangu hapo wakamwita mchungaji wa moto.

Sifa hiyo haikumkinga na maofisa. Meli ya msaada iliyoondoka Denmark msimu wa vuli ilikwamishwa na bahari hadi ikapitisha majira ya baridi Norway, ikafika masika ya 1784. Mwaka huo Jón alikabidhiwa fedha za msaada zilizofungwa kwa lakiri, azipeleke kwa mkuu wa wilaya. Njiani akakutana na wakulima wasio na hata mnyama mmoja wa kuanzia upya. Akaivunja lakiri, akawagawia. Wakubwa hawakuuliza nani amepona kwa fedha zile. Waliuliza nani alimruhusu. Akatozwa faini, akalazimishwa kuomba radhi hadharani. Serikali iliyochelewa na mkate haikuchelewa na adhabu.

Ndipo ilipozaliwa simulizi kwamba Denmark ilipanga kuwahamishia Waiceland wote Jutland, nchini Denmark kwenyewe. Wanahistoria waliopekua makaratasi wanasema kilichojadiliwa ni mafukara mia kadhaa. Lakini simulizi imedumu, kwani watu walioona jinsi Jón alivyotendewa hawakuwa na shida ya kuamini kwamba wangeweza kufutwa wote kwa saini moja.

Karne iliyofuata waliondoka wenyewe. Kati ya 1870 na 1914 watu wapatao 15,000 walivuka bahari kwenda Amerika Kaskazini, wengine wakaanzisha Gimli, kando ya Ziwa Winnipeg nchini Kanada, mwaka 1875. Kisha zikaja boti za injini, jamhuri ya mwaka 1944 na utalii. Leo zaidi ya mkazi mmoja kati ya sita ni mhamiaji, na Wapolandi ndio wengi zaidi.

Wastani huo wa watu wasiofika wanne kwa kilomita ya mraba hauonyeshi mahali wanapoishi. Karibu theluthi mbili wamejazana Reykjavík na vitongoji vyake. Nyanda za ndani hazina mkazi wa kudumu, na Hornstrandir, kaskazini-magharibi, ilihamwa na wakazi wake wa mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika vijiji vya pwani wengi wanalaumu mfumo wa migao ya samaki ulioanza 1984: haki ya kuvua iliuzwa kwa makampuni makubwa, na ajira ikaifuata.

Kwa hiyo kusahihisha daftari ni nusu tu ya kazi. Tume ya 1702 iliagizwa kutafuta kwa nini watu ni maskini, na kuhesabu kulikuwa hatua ya kufikia jibu. Watawala wa sasa wana takwimu bora mara mia, lakini swali la kwa nini vijiji vinakufa wameliachia soko lijibu. Nchi yenye watu wachache hivi haina ziada ya kijiji hata kimoja.