Sukari Huchungwa, Haidhibitiwi

"Udhibiti wa kisukari" ndiyo istilahi inayotujia hapa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, katika vijitabu vya afya. Siikubali, hata kama iliidhinishwa na kamati ya wataalamu walioketi mbali na milima ya Ruwenzori.

Kudhibiti kunatokana na Kiarabu *dhabata*, kushika kwa nguvu. Kutoka mzizi huohuo Waarabu humwita afisa wa jeshi *dhabit*. Kwetu redio husema jeshi limedhibiti kijiji, na Mei 2021 utawala wa Kivu ya Kaskazini uliwekwa mikononi mwa wanajeshi. Mgonjwa aliyekimbia mauaji ya Beni akiambiwa "dhibiti sukari", husikia amri ya kukomesha jambo. Kisukari cha aina ya pili hakikomeshwi hivyo: mwili una insulini lakini hauiitikii vizuri, na kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda.

Mimi natetea kuchunga. Ni neno la Kibantu lenye maana ya kulisha mifugo, maana ya kulinda, na maana ya tatu ambayo kamusi zinayo na kamati imeipuuza: kupitisha unga kwenye chekeche ili makapi yabaki. Zote tatu tunazihitaji. Mfugaji wa nyanda za Lubero hamuui ng'ombe aliyevunja ua jana. Leo anatoka naye tena. Sukari nayo ni mali ya mwili. Ikipanda huharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Ikishuka mno mtu huzimia. Kitu cha kulindwa pande zote mbili huchungwa.

Mwandishi mwenzangu anapendelea "usimamizi". Msimamizi huangalia wengine wakifanya kazi. Katika kisukari hao wengine ni akina nani?

Kwa matumizi, na hapa ndipo chekeche linapoingia: metformini humezwa pamoja na chakula na haiachwi kwa sababu tu kipimo kimekuwa kizuri, bugali ya muhogo hupunguzwa, lengalenga (mchicha) huongezwa, kasiksi (pombe ya ndizi) huwekwa kando, na mtu hutembea kila siku.

Wapo pia wanaonipinga wakisema kwamba mchungaji ni mtu wa kanisa. Abaki na jina lake. Sisi tuseme mchunga sukari, bila -ji, kama tusemavyo mchunga mbuzi. Muuguzi akimwambia mama wa Butembo "uchunge sukari yako", mama haulizi maana yake. Huuliza ale nini.