Gari la kale linapochemka: Jinsi ya kutafuta kiini cha joto la injini katika pwani ya kusini

GARI la kale lililoundwa upya nyumbani linapochemka kwenye barabara ya Majoreni, mwenyewe huwa na njia mbili tu. Anaweza kuzima injini na kuanza kutafuta kiini cha joto hilo, au ajikongoje taratibu akitumaini kufika kwenye gereji ya kwanza. Njia ya pili ndiyo inayoua injini. Majoreni iko kusini mwa Kaunti ya Kwale, upande wa Vanga na mpaka wa Tanzania, na mafundi wenye vifaa vya kuchonga silinda au kunyoosha kichwa cha injini si wa kupatikana kila kijiji. Dakika chache za ukaidi huweza kupoteza kazi ya miaka kadhaa.

Magari yanayozungumziwa hapa ni yale ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, maarufu kama magari ya misuli: bodi ya wastani iliyobebeshwa injini kubwa ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V. Wengi huhesabu Pontiac GTO ya mwaka 1964 kuwa ndiyo iliyofungua njia hiyo. Nchini Kenya magari haya ni machache. Mengi yaliundwa yakiwa na usukani upande wa kushoto, na kanuni za uagizaji hazikubali magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo gari la namna hii mara nyingi huwa mkusanyiko: bodi ya gari moja, injini ya jingine, na rejeta iliyopatikana popote. Hapo ndipo matatizo ya joto huzaliwa.

Hata hivyo, si kweli kwamba injini hizo haziwezi kustahimili joto la Afrika Mashariki. Katika mashindano ya East African Safari Classic Rally, yaliyoanza mwaka 2003, dereva wa Kenya Ian Duncan aliibuka mshindi mwaka 2009 akiendesha Ford Mustang, na akashinda tena mwaka 2013 kwa Ford Capri iliyotiwa injini ya V8. Injini kubwa hustahimili jua na vumbi iwapo mfumo wake wa kupoza maji umepangwa vyema.

Joto linakotoka na linakokwenda

Petroli inapoungua, sehemu tu ya nishati yake ndiyo husukuma gari. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na takriban theluthi moja huingia kwenye maji ya injini ili itolewe na rejeta. Injini ikiongezewa nguvu bila rejeta kuongezewa uwezo, hesabu haiwezi kulingana.

Maji matupu huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari. Kifuniko cha rejeta huyazuia yasichemke mapema kwa kuyaweka chini ya shinikizo. Kila ratili moja ya shinikizo kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.5. Kifuniko cha ratili 15 kilicho kizima huweza kuyafikisha maji nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka hakizuii chochote, na gari litatokota ilhali injini yenyewe haina kosa. Hiki ndicho kifaa cha bei nafuu zaidi katika mfumo mzima, na ndicho husahaulika zaidi.

Kanuni ya mwendo

Kabla ya kufungua hata nati moja, fundi stadi huuliza swali moja: gari huchemka likiwa katika hali gani?

Likichemka likiwa limesimama au likienda polepole, kwa mfano katika foleni ya kivuko cha Likoni saa ya adhuhuri, kisha likapoa linapoachiwa mwendo, tatizo liko kwenye upepo. Gari linapokimbia, hewa hupita kwenye rejeta yenyewe. Linaposimama, hutegemea feni pekee. Feni inaweza kuwa ndogo mno, imefungwa kinyume, klachi yake imechoka, au haina kizingio cha kulazimisha hewa ipite kwenye rejeta nzima. Magari mengi yaliyoundwa nyumbani hukosa kizingio hicho kwa sababu kile cha asili hakikuingia kwenye bodi mpya.

Likipoa katika foleni lakini likapandisha joto katika mwendo wa kasi kwenye barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga, tatizo liko kwenye maji. Rejeta imeziba kwa kutu, pampu imelika mapanga, mkanda unateleza, au mpira wa chini wa rejeta unanywea kwa nguvu ya kuvutwa na pampu. Mpira huo huhitaji kuwa na waya wa mzunguko ndani yake ili usinywee. Ukiukagua injini ikiwa imezimwa utaonekana mzima. Sharti mtu atazame injini inapopandishwa mzunguko.

Likichemka katika hali zote mbili, na hasa likipanda joto ghafla dakika chache baada ya kuwashwa, yashukiwe mambo matatu: maji yamepungua, themostati imekwama, au gasketi ya kichwa cha silinda imepasuka.

Ukaguzi kwa mpangilio

Ukaguzi huanza na kilicho rahisi. Kwanza, je, kweli injini ina joto? Geji za zamani hudanganya, hasa pale waya wa ardhi unapokuwa na kutu ya chumvi ya bahari. Kipimajoto cha miale kikielekezwa kwenye mdomo wa themostati hutoa jibu kwa sekunde chache.

Pili, kiwango cha maji kikaguliwe injini ikiwa baridi. Baada ya kujaza mfumo mtupu, hewa hunaswa ndani ya bloku na kuzuia maji kupita. Pua ya gari ikiinuliwa kidogo na injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hewa hiyo hutoka yenyewe.

Tatu, themostati itolewe na kutumbukizwa kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Isipofunguka, itupwe na kununuliwa nyingine. Desturi ya kuitoa na kuendesha gari bila kuweka nyingine imeenea sana, lakini si tiba. Injini ikikosa themostati huchelewa kupata joto lake la kazi, hula petroli, huharibu oili na kulika upesi. Katika baadhi ya injini, maji hukwepa rejeta kupitia njia ya pembeni, na joto likazidi badala ya kupungua.

Nne, rejeta iguswe kwa tahadhari au ipimwe kwa kipimajoto pindi injini inapozimwa. Sehemu zilizo baridi katikati ya zilizo moto ni mirija iliyoziba.

Tano, kwa injini iliyofunguliwa karibuni, kazi ya fundi mwenyewe itiliwe shaka. Katika baadhi ya injini ndogo za V8 za Ford, gasketi ya kichwa huwa na alama ya upande wa mbele. Ikigeuzwa, hufunika tundu la maji na injini itachemka hata ikiwekewa rejeta mpya. Vilevile pampu za aina moja zinaweza kuzunguka pande tofauti kutegemea mpangilio wa mkanda, na pampu inayozungushwa kinyume haisukumi maji ipasavyo.

Kutoka Nairobi hadi usawa wa bahari

Kuna chanzo cha joto ambacho wenye magari ya kabureta wa pwani wanapaswa kukijua. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Fundi anayelipanga gari huko hupunguza petroli ili ilingane na hewa hiyo, na huenda akawahisha cheche ya plagi ili kurejesha nguvu iliyopotea. Gari hilo hilo likiteremka hadi Majoreni hukutana na hewa nzito. Petroli sasa ni kidogo kuliko hewa, na cheche inawahi mno. Matokeo yake ni injini inayogonga inapopanda mlima na silinda zinazopata joto kupita kiasi, ilhali rejeta, pampu na feni ni nzima.

Plagi hutoa ushahidi. Rangi ya hudhurungi hafifu ni dalili ya afya. Plagi nyeupe kama chokaa huonyesha kuwa petroli ni kidogo au joto limezidi, na iliyojaa masizi meusi huonyesha kuwa petroli imezidi. Jeti za kabureta zibadilishwe na taimingi ipangwe upya huku huku pwani. Cheche inayochelewa nayo huleta joto, kwa kuwa moto huendelea kuungua hadi kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo kurudisha taimingi nyuma kupita kiasi si suluhu.

Dalili nyingine hufananishwa na kuchemka ilhali si kuchemka: gari huzimika kwenye joto, hukataa kuwaka, kisha huwaka baada ya kupoa. Mara nyingi petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba lililopita karibu na injini. Bomba hilo lisogezwe mbali na moto au likingwe.

Gasketi ikipasuka

Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, na maji yanayopungua bila kuvuja nje ni dalili za gasketi ya kichwa iliyopasuka. Kuna kemikali ya rangi ya buluu inayotumiwa kupima hewa ya rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kipimo cha mgandamizo nacho husaidia: silinda mbili zinazopakana zikionyesha kiwango cha chini kuliko nyingine, gasketi imepasuka kati yao.

Kubadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa kichwa ni kujenga juu ya mchanga. Kichwa kilichopinda kitaipasua gasketi mpya vilevile.

Maji ya pwani

Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na ardhi ya mawe ya matumbawe huyatia chokaa. Maji hayo yakimiminwa kwenye rejeta, chokaa hugandamana kwenye mirija na chumvi hula aluminiamu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, na yaliyosafishwa kwa mvuke ni bora zaidi. Yachanganywe nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Kuna wanaosema kuwa dawa hiyo ni ya nchi za barafu. Wanasahau kwamba huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Lakini dawa ya aina ya ethilini glaikoli ni sumu yenye utamu. Isimwagwe uani wala kuachwa kwenye beseni, kwa kuwa kuku, mbuzi, mbwa na hata watoto wanaweza kuionja.

Mbinu za kuziba tundu la rejeta kwa yai au bizari zinaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini makapi yake huziba mirija. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika rejeta ufa huzibwa kwa kuchomelewa.

Gari likichemka njiani

Geji ikianza kupanda, kiyoyozi kizimwe na kipasha joto cha ndani ya gari kifunguliwe hadi mwisho. Kitawatesa abiria, lakini hutoa joto kwenye injini kama rejeta ya pili. Joto lisiposhuka, gari lisimamishwe mahali salama na injini izimwe.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe. Maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke mara yanapopata mwanya, na yamewaunguza wengi uso na mikono. Isubiriwe nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu ubonyezeke kwa mkono bila ugumu. Hapo kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kizito na kulegezwa polepole. Maji yaongezwe kidogo kidogo injini ikiwa imepoa. Kumimina maji baridi kwenye chuma cha moto huweza kupasua bloku.

Mwenye gari la namna hii anayeishi mbali na miji anashauriwa kubeba galoni mbili za maji safi, mkanda wa akiba, mipira miwili ya rejeta, vibanio vyake, kifuniko na themostati. Abebe pia daftari. Aandike saa, mwendo, hali ya hewa na kiwango cha geji kila joto linapopanda. Baada ya safari chache, kurasa hizo zitamwonyesha fundi kama atafute upepo, maji au moto, naye hatalazimika kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha huku gharama ikimwangukia mwenye gari.