Mchawi wa Mobile Legends: kwa anayeanza

Vijana wetu wengi walioenda kusoma vyuo vya Thika na Ruiru, jioni utawakuta kwenye Mobile Legends, watano kwa watano, kila mmoja na simu yake. Mpwa wangu aliponiambia yeye ni mchawi nilivuta astaghfirullah. Kumbe ni nafasi tu ya kikosini, kama beki.

Mchawi hupiga kwa mbali na kwa nguvu, lakini mwili wake mwepesi: akishikwa, amekwisha. Basi usitangulie. Mwache mwenye mwili mzito aingie, wewe ukae nyuma yake. Njia yako ni ya katikati. Maliza askari wadogo upesi, kisha nenda ukasaidie pembeni. Na majanini usiingie peke yako. Adui asiyeonekana kwenye ramani huenda yumo humo, akungoja wewe.

Wa kuanza naye ni Eudora. Tanguliza mpira wake wa umeme, ambao humduwaza adui asisogee, ndipo umshushie radi kubwa. Ukianza na radi naye akabaki hai, atakurukia, na Eudora hana mbinu yake ya kukimbia. Kwa hivyo mchukulie Flicker, imtoe hatua chache.

Jambo moja wengi hulisahau: duru haisimami. Huchukua robo saa, pengine zaidi, na ukitoka katikati wenzako wanne wabaki pungufu, nawe wakatwa alama za mwenendo. Maghrib ikikaribia, usianze. Swali kwanza, kisha utazame chaji na bando.