Ada ya Kuhuisha Pikapu za Dizeli

Rudolf Diesel alipofaulu kuijaribu injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, chombo hicho kilikuwa kizito mno kubebwa na gari. Na ilipita zaidi ya miaka 90 ndipo kampuni ya Dodge ya Marekani, mwaka 1989, ilipozitia pikapu zake injini ya dizeli ya kampuni ya Cummins, yenye silinda 6, ujazo wa lita 5.9 na nguvu za farasi 160, ambayo asili yake ilikuwa ni kuendesha mitambo ya shamba.

Kwa kuwa pampu yake ya mafuta ilizungushwa kwa gia wala haikuhitaji kompyuta, mwenye gari aliyejaaliwa subira na spana aliweza kuihuisha injini hiyo uani kwake; na hapo ikazaliwa ada ya kudhibiti kwanza pini ndogo ya chuma katika nyumba ya gia za mbele, ambayo ikichomoka na kuangukia gia hizo huweza kuiangamiza injini yote, kisha kubadili nozeli za kunyunyizia mafuta, na kuongeza rejeta ya kupoza hewa ya turbo kwa magari ya awali yaliyoikosa. Utaratibu huo ni wa hekima, kwani nguvu haiongezwi kwa haki ila juu ya uzima, na mwenye kuhifadhi kazi ya mafundi waliomtangulia amewatimizia shukrani iliyo bora kuliko sifa.