Dawa za Kibofu Kisichotulia: Zinavyosaidia, Madhara Yake na Nani Awe Makini

Basi limetoka Same asubuhi kuelekea Moshi. Kufika Mwanga, abiria mmoja ameshamwomba konda asimamishe gari achimbe dawa. Kufika Kifaru, anaomba tena. Wenzake wanaguna, konda analalamika kuwa muda umekwenda. Abiria anarudi kwenye kiti chake ameinamisha kichwa. Safari ijayo hatagusa chai wala maji tangu jioni, au atabaki nyumbani kabisa.

Wapo wengi walio kama abiria huyu, wanawake kwa wanaume. Wengine wameacha kwenda kwenye ibada, vikao vya vikoba na hata misiba kwa hofu ya kuaibika. Wengi hunyamaza wakiamini ni uzee tu. Msikilizaji, hili ni tatizo la kiafya na lina tiba. Sehemu ya tiba hiyo ni vidonge vinavyotolewa kwa cheti cha daktari. Vinasaidia, lakini vina madhara yake, na kwa baadhi ya watu vinaweza kuwa hatari. Hapa tunaeleza yote mawili.

Kibofu kisichotulia ni nini?

Kibofu cha mkojo cha mtu mzima hubeba takribani mililita 300 hadi 500, yaani kwa wengi si zaidi ya chupa ya maji ya nusu lita. Wakati kinajaa, msuli wake hutakiwa kubaki umelegea. Ukishafika chooni, ubongo huuruhusu msuli ujikaze na kuusukuma mkojo nje.

Kwa mwenye tatizo hili, msuli hujikaza kabla ya wakati, hata mkojo ukiwa kidogo. Wataalamu hukiita kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Dalili yake kuu ni kubanwa ghafla kiasi cha kushindwa kusubiri. Mtu huenda haja ndogo zaidi ya mara 8 kwa siku, huamka usiku mara kwa mara, na wengine mkojo huwatoka kabla hawajafika chooni. Mzee anayekimbilia choo cha nje gizani anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, hivyo jambo hili si la aibu tu.

Kwanza itafutwe sababu

Kwenda haja ndogo mara kwa mara kuna sababu nyingi, na dawa tunazozizungumzia haziponyi zote. Kabla hujaandikiwa, inafaa upimwe mkojo na sukari, uulizwe dawa unazotumia, na kwa mwanaume, tezi dume iangaliwe. Sababu nyingine zinazoweza kuleta dalili kama hizi ni:

- Maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI. Mara nyingi huambatana na maumivu au mkojo kuchoma.
- Kisukari, hasa ukiwa na kiu isiyoisha na unapungua uzito.
- Kichocho cha mkojo, kinachopatikana kwa kuingia kwenye maji yenye vimelea vyake, kama mabwawa na mifereji. Dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo.
- Tezi dume iliyovimba, au mawe kwenye kibofu.
- Baadhi ya dawa za presha na za moyo ambazo kazi yake ni kuongeza mkojo.
- Ujauzito.

Fistula ni jambo jingine kabisa. Mwanamke aliyepata uchungu wa muda mrefu wakati wa kujifungua, kisha mkojo ukawa unavuja mchana na usiku bila kubanwa, huenda ana tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna kidonge cha kuziba tundu hilo. Linahitaji upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikitoa matibabu ya fistula bila malipo.

Ukiona damu kwenye mkojo, usianze dawa ya kutuliza kibofu kabla ya kuchunguzwa.

Hatua ya kwanza bila dawa

Daktari anaweza kukushauri uanze kukizoesha kibofu kusubiri. Ukibanwa, usikimbie. Simama au kaa, kaza misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo, vuta pumzi taratibu, na uchelewe dakika 5. Ukizoea, ongeza hadi 10, kisha 15. Zoezi hili hufanywa kwa wiki 6 au zaidi.

Punguza chai ya majani na kahawa, hasa jioni. Pombe nayo huongeza mkojo, iwe bia au dengelua. Lakini usijinyime maji kabisa. Mkojo mzito hukiwasha kibofu, na upungufu wa maji hufanya choo kiwe kigumu. Utumbo uliojaa hukigandamiza kibofu, na tatizo linazidi.

Vidonge vyenyewe na kazi yake

Dawa zinazotumika zaidi ziko katika makundi mawili.

Kundi la kwanza lina oksibutinini, tolterodini na solifenasini, pamoja na ndugu zao. Neva zinapotaka kibofu kijikaze, hutuma kemikali inayobeba ujumbe hadi kwenye msuli. Dawa hizi huziba mlango wa kupokelea ujumbe huo, msuli unatulia, na mtu anapata muda wa kufika chooni. Oksibutinini ni ya zamani na kwa kawaida humezwa mara 2 au 3 kwa siku. Solifenasini humezwa mara 1.

Kundi la pili lina mirabegroni, dawa iliyoanza kutumika duniani miaka ya 2010. Hii haizibi mlango ule. Huusaidia msuli ulegee zaidi wakati kibofu kinajaa. Nayo humezwa mara 1 kwa siku.

Kwenye boksi majina haya huandikwa kwa tahajia ya kigeni, hivyo mwombe mfamasia akusomee na akuandikie dozi kwa Kiswahili.

Usitegemee nafuu ya siku moja. Kwa kawaida daktari humwona tena mgonjwa baada ya wiki 4 hivi, na mirabegroni inaweza kuchukua hadi wiki 8 kuonyesha nguvu yake. Dawa nayo haimrudishi kila mtu hali ya zamani. Kwa wengi hupunguza safari za chooni na kubanwa kwa ghafla, na hiyo peke yake inaweza kumrudisha mtu kwenye shughuli zake.

Madhara yanatoka wapi?

Kemikali ile inayokikaza kibofu hufanya kazi pia mdomoni, machoni, tumboni, kwenye tezi za jasho, kwenye moyo na kwenye ubongo. Dawa ya kundi la kwanza inapoziba mlango wa kibofu, huigusa na milango ya huko. Ndiyo maana dawa ya mkojo inaweza kumkausha mtu mdomo.

Mdomo mkavu ndiyo lalamiko la kawaida zaidi, hasa kwa oksibutinini. Hapa kuna mtego. Mtu akikauka mdomo hunywa vikombe vya chai, mkojo unaongezeka, halafu anasema dawa haifanyi kazi. Piga funda dogo dogo la maji, na usafishe meno vizuri, kwa sababu mdomo mkavu huharakisha meno kuoza.

Choo kigumu. Makande ya mahindi na maharage, mboga za majani na papai vinasaidia. Choo kisipopatikana kwa siku kadhaa, rudi kwa daktari.

Macho kuona ukungu, kizunguzungu au usingizi. Usiendeshe bodaboda wala gari, na usitumie mashine, mpaka ujue dawa inakupelekaje. Pombe huongeza usingizi huo.

Jasho kupungua. Kwa anayelima tambarare, Kifaru au Kahe, jua la mchana ni kali kuliko Usangi au Ugweno juu milimani. Mwili usiotoa jasho hushindwa kujipoza. Fanya kazi nzito asubuhi na jioni, na mchana kaa kivulini.

Moyo kwenda mbio, na kwa wazee kusahau au kuchanganyikiwa. Ukiona babu au bibi ameanza dawa hii kisha anaongea mambo yasiyoeleweka au anapotea njia ya nyumbani, usiseme ni uzee. Mrudishe hospitali pamoja na dawa zake. Miongozo ya Uingereza inashauri wanawake wazee walio dhaifu wasipewe oksibutinini ya kawaida, kwa sababu hali yao inaweza kubadilika ghafla.

Mirabegroni haikaushi mdomo sana, lakini inaweza kupandisha presha, kuumiza kichwa na kuharakisha mapigo ya moyo. Presha ipimwe kabla ya kuanza na wakati wa kuitumia. Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi ambayo haijadhibitiwa hapaswi kuitumia.

Nani awe makini zaidi?

Mwambie daktari mapema ikiwa mkojo hutoka kwa shida au hauishi kibofuni. Una presha ya macho, yaani glakoma. Una ugonjwa wa utumbo kuziba. Una ugonjwa wa misuli kulegea. Una matatizo ya figo au ini. Au una mimba ama unanyonyesha.

Taja na dawa nyingine zote. Amitriptilini, dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za kutuliza tumbo linalosokota hukausha mwili kwa njia ileile, hivyo madhara yanajumlishwa. Baadhi ya dawa za fangasi na za kufubaza VVU zinaweza kuongeza kiwango cha dawa ya kibofu mwilini.

Usiazime dawa ya jirani

Hili ndilo tungependa likae kichwani. Mama amepewa vidonge, vimemsaidia. Baba naye anaamka usiku mara 4, basi anagawiwa viwili vitatu ajaribu. Lakini tatizo la baba huenda ni tezi dume iliyobana njia. Kibofu chake kinasukuma kwa nguvu zote ili mkojo upite. Kidonge kikiulegeza msuli huo, mkojo unaweza kuziba kabisa, na baba akaishia kuwekewa mpira hospitalini usiku wa manane. Dalili zilifanana, ugonjwa haukuwa mmoja.

Vilevile, usiongeze dozi mwenyewe. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visisagwe wala kutafunwa. Ukisahau dozi, subiri inayofuata, usimeze mbili kwa pamoja. Dawa hizi zitafutwe famasi yenye mfamasia, ukiwa na cheti, kwa kuwa duka la dawa muhimu lina orodha fupi ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Ukipata madhara, toa taarifa kituoni ulikotibiwa, ili yafikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Wahi hospitali ukiona haya

- Umebanwa lakini mkojo hautoki kabisa.
- Jicho linauma ghafla, limekuwa jekundu na huoni vizuri.
- Uso, midomo au ulimi umevimba, au unapumua kwa shida.
- Kuchanganyikiwa, au moyo kwenda mbio bila kutulia.
- Mwili una joto kali na ngozi ni kavu baada ya kukaa juani.
- Tumbo limejaa, linauma, na hupati choo wala hewa haitoki.

Pa kuanzia

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utapewa rufaa hospitali ya wilaya, na kutoka huko hata KCMC mjini Moshi, ambako kuna madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo.

Kabla ya kwenda, andika kwa siku 3 saa unazokwenda haja ndogo, ulichokunywa, na kama mkojo ulikutoka. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Ukiona haya kuzungumza na kijana wa rika la mwanao, omba muuguzi wa jinsia yako, ni haki yako. Na ukikosa pa kuanzia, sema hivi: "Daktari, mkojo unanibana ghafla na siwezi kuusubiri." Hayo yanatosha, mengine atakuuliza yeye.