Mali kauli
Mpwa wangu amemaliza chuo mwaka huu. Juzi aliniuliza, "Mjomba, nataka kuwa mjasiriamali. Nianze na kitabu gani?" Kabla ya kitabu, neno lenyewe lilinishika. Jasiri na mali, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, Waswahili wakayafunga pamoja. Nikilisikia, namwona mtu akiiendea mali kama askari aendavyo vitani.

Naelewa kwa nini tulilihitaji. Bepari, neno tulilolipata kwa Wahindi, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Miaka ya Ujamaa ikaligeuza tusi, likawa pacha wa mnyonyaji. Milango ya biashara ilipofunguliwa tena, mzazi gani angefurahi mwanawe aitwe bepari? Ujasiri ukaja kumsafisha mwenye duka.

Kitabu cha kwanza nilichomtajia ni cha Richard Cantillon, mzaliwa wa Ayalandi aliyekuwa na benki Paris. Kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1755, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Ndiye aliyempa mjasiriamali makao katika elimu ya uchumi, wala hakumpamba kwa ushujaa. Kwake ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Mkulima yumo, mwenye duka yumo, na ombaomba na mnyang'anyi pia wamo, maana nao hawajui siku itawaletea nini.

Huyo mnyang'anyi ndiye aliyenipeleka kwenye kitabu cha pili, maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Nataka kila kijana anayeota biashara akisome, polepole, na moyo ukimuuma. Utaona namna bidhaa zilivyotoka Unguja kwa mkopo wa matajiri wa Kihindi, Taria Topan akiwa mkubwa wao, zikapanda bara, na deni likasubiri pembe za ndovu kwa miaka. Katika safari yake moja Tippu Tip aliingia bara karibu mwaka 1870, akarudi pwani mwaka 1882. Utaona pia watu waliotekwa na kufanywa bidhaa. Jasiri alikuwa, na mali alikuwa nayo. Istilahi yetu inamwenea mwili mzima, na hilo linanitisha. Haimuulizi mtu mali yake imetoka kwa nani.

Kariakoo wanalo neno ambalo ningependa tulisome kama kitabu: mali kauli. Asubuhi kijana anachukua mashati dukani bila kutoa hata shilingi. Anazunguka nayo juani kutwa. Jioni anarudi na fedha za yaliyouzwa na mashati yaliyobaki. Hakuna hati wala dhamana. Asiporudi, kesho hapati shati, na jirani wa duka lile naye atakuwa amekwisha kusikia. Tazama neno lilivyoundwa: si mali ya kauli, wala mali kwa kauli. Majina mawili yamelala bega kwa bega, kama bata maji, kama mbwa mwitu. Ukiondoa kauli, mali inabaki dukani. Katika mjasiriamali kuna mtu mmoja na shabaha yake. Huku lazima wawe wawili, na mmoja amemwamini mwenzake.

Nikamtajia na daftari. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijaona kitabu cha biashara kinachomfaa mtu kuliko kile anachokiandika mwenyewe kila jioni, na hasara za siku zikiwa kwa wino uleule wa faida. Vile vya kumwambia kwamba utajiri ni fikra tu, vinavyouzwa kwenye taa za barabarani, nilimwachia aamue mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini mjomba, hiyo kauli ni ya nani? Ya anayetoa mashati au ya anayeyachukua?"

Nilirudi kwenye sarufi, haikunisaidia, maana kihusishi ambacho kingetuambia hakipo. Jumatatu anakwenda Kariakoo kuchukua mashati yake ya kwanza. Nimemwomba awaulize wenyewe.