Nyasi Zikikosa Mlaji

Ukishuka Malaba asubuhi, kabla jua halijawa kali, utakuta malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, na kati ya malori na mtaro kuna ng'ombe mmoja amefungwa kwenye kigingi. Kamba yake ni fupi. Baada ya siku chache anakuwa amechora duara: ndani nyasi zimekatwa sawasawa kama uwanja wa mpira, nje zimefika magotini na vichaka vimeanza kuchipua. Nimepita hapo miaka mingi bila kuwaza lolote. Siku hizi nikiliona lile duara naona historia ya kwetu.

Nilisoma historia chuoni miaka miwili kabla sijaacha. Tulifundishwa mpaka kwa kirefu. Mpaka 1902 nchi yote hii, hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda, kisha Waingereza wakaihamishia upande wa pili, ndiyo maana mimi leo ni Mkenya na binamu zangu wa Tororo si Wakenya. Sotoka ilipata mstari mmoja tu. Enyewe, huo ugonjwa wa ng'ombe uliibadilisha ardhi hii kuliko kalamu ya gavana yeyote.

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita pande hizi akielekea Ziwa Victoria. Alipokuwa akirudi, siku ya mwisho ya mwaka huo, nyati alimpiga pembe nusura amuue. Nyati walikuwa tele. Miaka saba baadaye walikuwa wakioza porini. Sotoka iliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafika Kenya na Uganda 1890 na 1891, na kufikia 1897 ilikuwa imefika kusini kabisa mwa bara. Katika sehemu nyingi inakadiriwa kwamba ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Nyati, pofu na nyumbu walikufa pamoja nao.

Kwa Wateso, Wasamia na majirani wao, ng'ombe alikuwa maziwa, mahari na heshima. Hilo tunalijua. Tunachosahau ni kwamba alikuwa pia mfanyakazi wa shamba asiyelipwa. Alikata nyasi kila siku, alikanyaga miche ya vichaka kabla haijawa miti, na mavi yake yalirudisha rutuba. Mbuzi alimaliza majani ya juu. Mchungaji alichoma nyasi kavu ili machipukizi yatoke. Walaji hao walipoondoka kwa pamoja, na wenye mifugo wakadhoofika kwa njaa na ndui, vichaka vikaanza kurudi.

Na mbung'o anapenda kivuli. Mwanzoni hata yeye aliumia, maana hakukuwa na damu ya kunyonya. Lakini nguruwe mwitu na wanyama wengine wa porini waliongezeka upya haraka kuliko mifugo ya watu. John Ford, mtaalamu aliyefanya kazi na mbung'o kwa miaka mingi, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kikatoka 1971. Hoja yake ni kwamba zamani watu na mifugo waliwazuia mbung'o kwa namna walivyoishi na kulima. Mpangilio huo ulipovunjika, mbung'o wakapata nafasi.

Kuanzia 1900 ugonjwa wa malale ulilipuka Busoga, hapo ng'ambo tu, ukaenea hadi ufuo wetu wa ziwa. Wanaokadiria husema watu kama robo milioni walikufa katika miaka ishirini. Wanahistoria hawakubaliani ulifikaje. Wengine hulaumu misafara ya wakoloni. Tunachojua ni kilichofuata. Gavana Hesketh Bell wa Uganda aliamuru watu waondolewe ufuoni, na walipoondoka na mifugo yao, vichaka vikameza mashamba na makaburi. Ukitoka mjini Busia kwenda Alupe utakuta kituo cha utafiti wa malale. Wengi tunakipita kwa bodaboda bila kuuliza kwa nini kimewekwa pale.

Sisemi kwamba kanuni ni moja kila mahali. Huko Serengeti mambo yalikwenda kinyume. Sotoka ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Walikula nyasi zilizokuwa chakula cha moto, mioto ikapungua, na miti ikaongezeka. Yaani kule nyasi zisizoliwa ziliua miti. Huku kwetu, penye mvua nyingi na watu wengi, kukosekana kwa walaji kulileta kichaka. Matokeo ni tofauti, lakini mwenye kuamua ni yuleyule: mdomo unaokula.

Majini ni hivyohivyo. Kiboko anakula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku, kisha anakwenda kunya mtoni. Katika mto Mara, ambao nao unamwaga maji Ziwa Victoria, watafiti walikadiria kuwa viboko kama 4,000 huingiza tani 36 za mavi kila siku. Humo mna silika, ambayo nyasi ziliinyonya ardhini, na vijimea vidogo vya majini haviwezi kujenga maganda yao bila hiyo. Vijimea hivyo ni chakula kwenye mto na ziwa. Lakini mavi yakijaa kwenye dimbwi lililotulia, mvua ikaja ghafla na kuyasukuma, maji hukosa oksijeni na samaki huelea wamekufa. Kiboko analisha na anaua.

Halafu kuna gugumaji. Kwao ni Amazon. Ziwani kwetu lilionekana karibu na 1990, na mwishoni mwa 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam peke yake. Mitumbwi ilikwama na wavuvi walilala njaa wakiwa wanaliangalia ziwa. Watu walilitaja kama jini. Lakini kwao Amerika Kusini si jini, maana linao wadudu wanaolila. Sisi tuliletewa mmea bila mlaji wake. Mwaka 1997 Kenya ikaanza kuwaachia fukusi wa gugumaji ziwani, Uganda ikiwa imetangulia. Fukusi mkubwa hutafuna ngozi ya jani, na mtoto wake hutoboa shina akishuka hadi kitovu cha mmea. Maji huingia, mmea unalemaa, unazama. Mawimbi na mawingu ya El Niño yalisaidia, na wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Kufikia 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imezama. Baadaye limerudi mara kadhaa, hasa mvua kubwa zinaposomba mbolea na uchafu wetu kuingia ziwani.

Niliwahi kuyaeleza haya yote Sio Port, mbele ya mama mmoja ambaye viboko walikuwa wamemaliza mahindi yake usiku mbili mfululizo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, unamsifu kwa sababu hajala ya kwako."

Sikuwa na jibu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inazungumzia fidia, lakini yeye alikuwa na watoto wa kulisha jioni hiyohiyo. Historia inanifundisha kwamba kumwondoa mlaji ni deni, na deni lenyewe hulipwa na wajukuu, kwa malale au kwa ziwa lililofunikwa. Mama yule alinikumbusha kwamba kumweka mlaji pia ni deni, na mara nyingi analipa mtu mmoja, mwenye shamba la karibu na maji, kwa niaba yetu sote. Tukitaka viboko wabaki Sio, au nzohe wabaki katika mafunjo ya Sio-Siteko, basi gharama hiyo lazima tuigawane.

Mwezi uliopita nilipita Malaba tena. Kigingi kipo, ng'ombe hayupo. Pengine ameuzwa ili mtoto alipiwe karo. Lile duara bado unaweza kulitambua ukijua lilipokuwa, ila nyasi zake sasa zinakaribia magoti.